Nani akatwe? Kisa cha kukusanya maoni juu ya viwanja vidogo kwenye eka tatu, Unguja

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka shehia moja, yaani eneo dogo la utawala linalosimamiwa na sheha, pembezoni mwa Mji wa Zanzibar, upande wa Magharibi. Ofisi inayohusika na mipango ya ardhi ilitaka kubadilisha matumizi ya eneo la mashamba liwe la makaazi, na kiwango cha chini cha kiwanja kishushwe kutoka mita za mraba 600 hadi 300. Jina la shehia, majina ya watu na miaka vimeondolewa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Nilikuwamo kama mwandishi wa kumbukumbu za vikao, na niliyoyaweka hapa yanawalenga masheha, watendaji wa manispaa na vijana wanaoanza kazi ya mipangomiji.

Eneo lenyewe

Eneo lilikuwa na mashamba sita ya eka tatu yaliyopakana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote iliwekwa mikononi mwa Serikali, na mashamba yakaanza kugawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu tatu. Masharti yalikuwa wazi: mtu amepewa alime, ajilishe yeye na watoto wake. Kuuza au kukata vipande hakukuwamo katika makubaliano. Lakini aliyepewa eka tatu akiwa kijana wa miaka thelathini ameshakufa sasa, ameacha watoto saba na wajukuu arubaini, na mji umemfikia kaburini.

Ukuaji wa mji si hadithi ya mitaani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Ni kama nusu ya mkoa wenyewe imeongezeka juu yake ndani ya miaka kumi, na watu hao wote wanalala mahali. Mpango mkuu wa mji uliochorwa na wataalamu wa Kichina mwaka 1982 ulikuwa na viwanja vilivyopangwa vizuri, lakini wajenzi walikwenda mbio kuliko wapimaji. Kwa hiyo mtu alikwenda kwa dalali, dalali akampeleka kwa warithi, wakapima kwa hatua, wakaandikiana karatasi mbele ya sheha, na wiki iliyofuata gari la matofali likamwaga mzigo wake.

Katika mashamba yale sita, mawili yalikuwa yamejaa nyumba kwa namna hiyo. Viwanja vyake vingi vilikuwa futi 40 kwa 50, sawa na mita za mraba 186 hivi. Matatu yalikuwa nusu kwa nusu: huku nyumba na misingi iliyoota majani, kule muhogo, migomba na minazi mizee. La sita lilikuwa bondeni, halina nyumba hata moja, kwa sababu masika maji hukaa humo mpaka vyura wakazaliana.

Wenye maslahi walikuwa wengi kuliko wenye karatasi. Kulikuwa na warithi wa eka, wengine wakiwa Pemba, Dar es Salaam na Maskati. Kulikuwa na wanunuzi waliojenga, na wanunuzi ambao walikuwa na rundo la matofali tu. Kulikuwa na watu wa kiambo cha asili waliokuwa na miembe na minazi yao ndani ya shamba la mtu mwengine, jambo la kawaida kwetu, ambako mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Na kulikuwa na kina mama walioazima makonde ya kulima muhogo na mchicha. Aliyeazima konde hapandi mti wa kudumu, maana mti ni dai, na dai huvunja ujirani. Kwa hiyo hakuwa na hata mnazi mmoja wa kuonesha kwamba pale amelima miaka ishirini.

Mkutano wa kwanza

Mkutano uliitishwa katika skuli ya karibu, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya sheha. Waliohudhuria walikuwa wazee wa kiume kwa wingi, madalali watatu wanaojulikana, na vijana waliokuwa hawana kazi siku hiyo. Wanawake walikuwa wachache na walikaa nyuma.

Ramani iliyotundikwa ilikuwa na rangi nne na maelezo ya Kiingereza. Afisa alieleza kwa heshima na kwa ufasaha, nusu saa nzima, juu ya ujazo wa makaazi na thamani ya ardhi. Kisha akauliza swali moja: mnakubali viwanja viwe vidogo, au hamkubali?

Mikono mingi ilinyanyuka kukubali, na hilo lilitegemewa. Warithi walikubali kwa sababu viwanja vidogo ni wateja wengi. Waliokwishajenga kwenye futi 40 kwa 50 walikubali kwa sababu walidhani wamehalalishwa papo hapo. Madalali walikubali kabla swali halijamalizika. Mzee mmoja tu alisimama kupinga. Alisema kwa taratibu: "Mwanangu, kiwanja cha mita mia tatu nikifa mimi kinagaiwa na sheria ya Mungu. Huyu sehemu mbili, huyu moja, huyu thumni. Watarithi vyumba, hawatarithi kiwanja." Akashukuriwa, na mkutano ukaendelea.

Kwenye kumbukumbu rasmi ikaandikwa kwamba wananchi wamekubali. Orodha ya mahudhurio, ambayo watu waliitia saini mlangoni walipokuwa wanaingia, iliambatanishwa kama ushahidi wa ridhaa. Niseme hapa kwamba hili ndilo lililonikera kuliko yote: mtu ametia saini kwamba amefika, na karatasi inasema ameridhia.

Vigingi

Wapimaji walipofika baada ya muda mfupi na kuanza kuchomeka vigingi vyenye rangi nyekundu, mambo yakabadilika. Kigingi kimoja kilisimama katikati ya uwa wa mtu. Chengine kilipita ubavuni mwa kaburi. Mstari wa njia kuu, kama ulivyochorwa, ulipita juu ya vyumba viwili vya nyumba iliyokwishaezekwa bati. Habari ikaenea kabla ya adhuhuri kwamba nyumba zinabomolewa. Kulipopambazuka siku ya pili, hakukuwa na kigingi hata kimoja shehia nzima.

Ofisi ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kurudi na askari, kuchomeka upya na kumkamata atakayeng'oa. Karatasi ilikuwa upande wao: wananchi wamekubali. Ya pili ni kusimama na kuuliza kwa nini watu waliokubali mchana wameng'oa usiku. Mkuu wa kikosi cha upimaji, mtu mzima ambaye alishapima sehemu nyingi za Magharibi, ndiye aliyeshauri kusimama. Hoja yake ilikuwa ya kazi, haikuwa ya huruma: kigingi kinacholindwa na askari kinadumu mpaka askari arudi kambini, na mpaka usiolindwa na jirani haulindwi na hati.

Kazi ikasimamishwa kwa msimu mzima wa masika. Wakubwa hawakupenda. Lakini mvua zenyewe zilifanya kazi ambayo mkutano haukuifanya, kwa sababu kila mtu aliona maji yanapita wapi.

Kuanza upya

Mzunguko wa pili ulitofautiana na wa kwanza kwa mambo ambayo, ukiyatazama moja moja, ni madogo.

Ramani ya rangi nne iliachwa. Badala yake ikachapishwa picha ya eneo iliyopigwa kutoka angani. Zanzibar ina bahati hapa: kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianza kazi ya kupiga picha visiwa kwa ndege zisizo na rubani, na picha hizo ni safi kiasi cha mtu kuuona mwembe wake. Picha ilitandikwa chini, watu wakaizunguka. Bibi mmoja ambaye hajui kusoma alikionesha kisima chake kwa kidole, kisha akafuata njia ya maji kutoka barabarani mpaka bondeni bila kukosea. Mchoraji akaichora njia hiyo juu ya picha palepale.

Vikao viligawiwa. Wanaume walikutana baada ya isha uwanjani mwa msikiti, wanawake baada ya alasiri chuoni, yaani madrasa, watoto wakishatoka kusoma. Wanunuzi wasiojenga bado, ambao wanakaa mjini, waliitwa Ijumaa jioni. Sheha alifika vikao vyote lakini aliombwa asiviongoze, kwa kuwa mihuri ya mauziano mengi ilikuwa yake, na mtu hawezi kulalamikia karatasi mbele ya aliyeigonga muhuri. Alikubali. Si kila sheha angekubali.

Jambo la tatu ndilo zito. Swali la ukubwa wa kiwanja liliwekwa mwisho. Kwanza watu waliulizwa: njia zipite wapi, na karo, yaani mashimo ya maji machafu ya choo, ziwe wapi?

Hesabu ya karo

Kabla ya hapo, mabishano ya ukubwa yalikuwa ya hadhi na pesa. Mwenye uwezo alitaka 600 ili mtaa uwe wa maana. Asiye na uwezo alitaka 300 apate pa kuanzia. Hesabu ya karo iliwatoa wote huko.

Eka moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo eka tatu ni 12,141. Ukitoa asilimia 30 kwa njia, mitaro na nafasi ya wote, zinabaki kama 8,500. Kwa viwanja vya 600 unapata 14. Kwa viwanja vya 300 unapata 28. Hapo warithi hutabasamu. Lakini viwanja 28 ni mashimo 28 ya choo katika shamba ambalo zamani lilikuwa na moja.

Sasa chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20, ambacho ni 300 kamili. Kutoka pembe moja hadi pembe ya pili kwa mshazari ni mita 25. Umbali wa chini unaotajwa sana kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30. Maana yake, hakuna namna yoyote ya kuweka kisima na karo ndani ya kiwanja hicho kwa usalama, hata ukikipanga kwa ramli. Kiwanja cha 20 kwa 30 kina mshazari wa mita 36, kwa hiyo kinawezekana kwa karatasi. Ila jirani naye akichimba karo yake nyuma ya ukuta wako penye kisima chako, umerudi ulikotoka.

Mwalimu mmoja wa skuli aliichora hesabu hii ubaoni chuoni, na kikao cha wanawake kiliifahamu mara moja, maana wao ndio wanaochota na wao ndio wanaokesha na mtoto anayeharisha. Uamuzi uliotoka pale ukawa huu: viwanja vya mita za mraba 300 vikubaliwe, lakini pasichimbwe kisima kipya popote, maji yawe ya bomba la Mamlaka ya Maji au ya kisima kimoja cha pamoja upande wa juu, na nyumba zilizobanana za futi 40 kwa 50 zichangie karo moja kwa nyumba nne, pahala ambapo gari la kunyonya linafika.

Kwa nini 600 haikurudi? Kwa sababu kila mtu alijua haishikiki. Kiwanja kikubwa katika eneo lenye wanunuzi wadogo hukatwa mara mbili: mara ya kwanza kwa siri na mwenyewe, mara ya pili na warithi. Kanuni ya 600 ilikuwepo miaka yote hiyo, na futi 40 kwa 50 zikauzwa chini ya pua yake.

Njia, na maneno ya kina mama

Katika kikao cha wanaume upana wa njia za ndani ulikadiriwa kwa jeneza. Ndivyo tunavyopima: je, jeneza linapita na wabebaji wakipokezana? Wakakubaliana mita tatu, na wote wakaona wamekuwa waungwana.

Kina mama wakaikataa. Mkunga mmoja mstaafu alisema: "Jeneza linabebwa begani. Mwenye uchungu wa kuzaa saa nane usiku hutambebaje begani?" Mwengine akaongeza gari la karo, mwengine gari la zimamoto. Njia kuu za ndani zikapandishwa hadi mita sita, na tatu zikabaki kwa vichochoro vifupi tu. Wanaume walipopelekewa jibu hilo walibisha kidogo, kisha mzee wa urithi, yuleyule wa mkutano wa kwanza, akasema wake zetu wamesema kweli, na mjadala ukaisha.

Kilichobaki ni nani akatwe. Katika mchoro wa awali njia kuu ilikula karibu nusu ya shamba moja na haikugusa kabisa shamba la jirani, ambaye thamani ya ardhi yake ingepanda kwa njia ya mwenzake. Hapo ndipo vigingi viling'olewa kwa kweli. Uvumi wa bomoabomoa ulikuwa moshi tu. Pendekezo lililokubalika ni kila shamba kutoa fungu sawa, asilimia 30, na aliyekatwa zaidi arudishiwe kipande kutoka kwa aliyekatwa kidogo. Kwenye mashamba mawili yaliyojaa, ambako hakuna cha kutoa, njia zilifuata vichochoro vilivyopo na kuta za uwa sita zikarudishwa nyuma kwa gharama za kuchangiana.

Lilichukua vikao vingi. Ndugu waligombana. Familia mbili zilikuwa hazisemezani tangu miaka ya nyuma juu ya mnazi wa mpakani, na mnazi huo ulijadiliwa kuliko barabara.

Matokeo

Mashamba manne yaliingia kwenye mchoro mpya na kupimwa. Vigingi vya safari hii havikung'olewa. Njia kuu imefunguliwa kwa kifusi na gari la karo linafika. Bomba la maji lilichelewa sana kuliko ilivyoahidiwa, na katika muda huo angalau visima vitatu vilichimbwa usiku.

Shamba la tano limekwama. Warithi wawili walioko ng'ambo walisema hawakushirikishwa, na ni kweli. Ndugu zao walijibu kwa niaba yao bila ya uwakala. Shauri limekwenda mahakamani, na njia ya mita sita inafika kwenye mpaka wa shamba hilo, inasimama, na inaanza tena upande wa pili.

Bonde ndilo lililoshindikana. Wote walikubaliana lisijengwe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa, kila mtu anaikumbuka barabara ya Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikifungwa na maji ya masika. Lakini bonde lilikuwa la familia moja. Kwao asilimia 30 ilikuwa imegeuka asilimia mia. Waliahidiwa viwanja katika mashamba ya juu. Walipewa viwili, wakati hesabu yao ilikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu wenye mashamba ya juu walishauza. Haikupita muda, vipande vya bondeni vikaanza kuuzwa kwa bei ya chini kwa watu wa mbali ambao hawajaliona eneo mvua zikinyesha. Sasa kuna nyumba mle, zimejazwa kifusi, na maji yaliyokuwa yakikaa bondeni yanarudi kwa jirani wa juu.

Uchambuzi

Kilichogeuza jambo ni mpangilio wa maswali. Swali la ndiyo au hapana juu ya ukubwa wa kiwanja lilikuwa jepesi mno: kila mtu alilijibu kwa mfuko wake, na hakuna aliyelazimika kumtazama jirani. Swali la njia na karo haliwezi kujibiwa peke yako. Ukishajua karo ya nani iko wapi, ukubwa wa kiwanja unajitokeza wenyewe, pamoja na masharti yake. Ofisi nyingi hufanya kinyume kwa sababu kiwango cha kiwanja ndicho kinachohitaji saini ya mkubwa, na njia huonekana ni kazi ya mpimaji.

Fungu sawa lilifaa kwa sababu lilikuwa na hesabu inayoweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye kamba. Haki inayopimika hutuliza watu upesi kuliko maelezo ya faida za maendeleo. Hata hivyo fungu sawa lina kasoro yake, nayo ni bonde. Ardhi hailingani. Ilipaswa kuanza na bonde: viwanja vya fidia vya familia ile vitengwe na kupimwa kwanza, kabla mtu mwengine yeyote hajapata kipimo cha kuuzia. Wakati wa makubaliano viwanja hivyo vilikuwepo. Wakati wa utekelezaji vilikuwa vimekwisha.

Vikao vya wanawake havikuwa pambo. Maamuzi mawili yenye uzito kuliko yote, kukataza visima na kupanua njia, yalitoka kwao au yalishikwa nao. Katika mkutano wa kwanza yasingesikika, na sababu haikuwa kwamba walikatazwa kusema. Saa nne asubuhi mwenye nyumba yuko jikoni, sokoni au kondeni.

Walioazima makonde hawakupata kitu, na katika kumbukumbu zangu zote wanatajwa mara mbili tu. Sheria haikuwa na pa kuwaweka, warithi walisema waliwafadhili, na wao wenyewe waliona aibu kudai. Bado sijui ofisi ya mipango ingewapa nini zaidi ya muda wa kuvuna na bustani ya pamoja kwenye kingo za bonde. Hayo mawili yangewezekana na hayakuombwa na mtu.

Kuhusu waliokuwa ng'ambo, hapakuwa na ugumu wowote wa kuwapata. Kila familia ina kundi la simu ambamo harusi na misiba hutangazwa. Picha ya shamba na mistari yake ingewafikia siku ileile, na majibu yao, hata ya matusi, yangekuwa kwenye faili.

Jambo linalosumbua sasa ni dogo kwa sura. Mchoro uliokubaliwa uko nakala mbili, moja ofisini na moja kwa sheha. Viwanja vinauzwa upya kila mwezi, na mnunuzi mpya haambiwi kwamba karo yake ni ya nyumba nne wala kwamba haruhusiwi kuchimba kisima. Kamati ya shehia imependekeza masharti hayo yaandikwe kwenye kila karatasi ya mauziano kabla sheha hajagonga muhuri. Ofisi imesema inalitafakari.